Mikono ya Mzalishaji na Homa ya Uzazi

Mazungumzo yetu ya juma hili ni juu ya homa ya uzazi, maradhi ambayo aghalabu humwingia mwanamke siku ya pili au ya tatu baada ya kujifungua, wakati ambapo uchungu umekwisha, kitovu cha mtoto kimefungwa, uji wa pilipili manga umepikwa, na jamaa wameanza kuingia mmoja mmoja kumpa hongera. Ndipo mzazi anapoanza kutetemeka kwa baridi ilhali mwili wake unawaka, tumbo la chini likamuuma hata asitake kuguswa, damu ya uzazi ikabadilika harufu, na asipopata tiba, vijidudu vikatapakaa katika damu yake yote na kumwondoa duniani kabla kichanga hakijafikia hata siku ya saba ya kupewa jina.

Nimeyachagua maradhi haya miongoni mwa mengi yaletwayo na bakteria kwa sababu moja. Kinga yake ilithibitishwa takriban miaka tisini kabla ya dawa yake, nayo ikadharauliwa na watu wenye elimu. Kisha dawa ilipopatikana, kinga ile ikadharauliwa mara ya pili, safari hii na watu wanaodhani kwamba penye dawa hapana haja ya kunawa. Dharau ya kwanza iliua wanawake kwa maelfu huko Ulaya. Dharau ya pili inaua hata leo, na kwetu pia, na juu ya kuua inaiharibu dawa yenyewe.

Miongoni mwa watu wa mwanzo kulisema jambo hili wazi alikuwa Alexander Gordon, tabibu wa mji wa Aberdeen huko Uskoti. Tangu mwisho wa mwaka 1789 hadi mwanzo wa 1792 mji ule uliingiliwa na homa ya uzazi, na Gordon hakuridhika na kauli iliyokuwa ikipita wakati ule kwamba hewa ndiyo iliyochafuka, bali alishika kalamu akaandika habari za kila mgonjwa, mahali alipokaa, na jina la mkunga au tabibu aliyemzalisha. Maandishi yalipokuwa mengi mambo yakajidhihirisha yenyewe: homa haikuwa ikifuata mitaa wala upepo, ilikuwa ikifuata watu, mkunga akimzalisha mgonjwa leo, mwanamke atakayemzalisha kesho naye huugua, ilhali jirani aliyehudumiwa na mkunga mwingine husalimika. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1795 aliyachapa majina ya wakunga hao, na wala hakujisitiri nafsi yake, kwani alikiri mbele ya walimwengu kwamba yeye mwenyewe aliwapelekea wanawake wengi maradhi yale. Akashauri nguo za mgonjwa zichomwe moto au zifukizwe, na kila aliyemhudumia aoge na kufukiza mavazi yake kabla ya kumwendea mzazi mwingine. Malipo yake yakawa chuki; watu wa mji walimgeukia, naye akaondoka akarejea katika utumishi wa manowari, na mwaka 1799 akafariki.

Nusu karne baadaye hoja hiyo ikazuka tena huko Vienna, mji mkuu wa Austria, katika hospitali kuu iliyokuwa na wodi mbili za wazazi zilizopakana. Wodi ya kwanza ilikuwa ya kufundishia wanafunzi wa utabibu, na ya pili ya kufundishia wakunga. Wajawazito walipokewa kwa zamu, leo huku, kesho kule, hata hapakuwa na awezaye kudai kwamba wodi moja ilipelekewa watu dhaifu zaidi kuliko nyingine. Mwaka 1846 wodi ya wanafunzi ilipokea wazazi 4,010, wakafa 459. Wodi ya wakunga ikapokea 3,754, wakafa 105. Tofauti hii wanawake wa mji waliijua kabla maprofesa hawajakubali kuizungumza, na siku ya zamu ya wodi ya kwanza walikuwa wakipiga magoti kuwasihi wapokezi wasiwapeleke huko, na wengine wakaona afadhali wazalie njiani. Nao waliozalia njiani, bila kitanda wala profesa, walikuwa wakisalimika zaidi kuliko waliozalia ndani.

Ndani ya wodi hiyo ya kwanza alikuwamo tabibu msaidizi, kijana wa Kihungari aitwaye Ignaz Semmelweis, ambaye mambo haya yalimkosesha usingizi. Alichunguza msongamano, akakuta wodi ya pili ndiyo iliyosongamana zaidi kwa vile kila mtu aliikimbilia. Aliagiza wanawake wazalie kwa kulala ubavu, kama ilivyokuwa desturi ya wodi ya pili, na vifo havikupungua. Akasikia ikinenwa kwamba kasisi, apitapo kumpelekea anayekata roho sakramenti huku kengele ikilia mbele yake, huwatia wazazi hofu inayowaua. Akamwomba kasisi apite njia nyingine na kengele isilie, na vifo havikupungua. Natamani kila mwanafunzi wa utabibu asomeshwe jinsi mtu yule alivyoitoa dhana moja baada ya nyingine, akiipima kila moja kwa hesabu ya waliokufa, wala asiionee haya ile aliyoiona kuwa ya kipuuzi.

Mwezi Machi 1847 rafiki yake Jakob Kolletschka, mwalimu wa utabibu, alichomwa kidole kwa kisu na mwanafunzi walipokuwa wakipasua maiti, akaugua akafa. Semmelweis alipoisoma taarifa ya yaliyoonekana katika mwili wa rafiki yake, alikuta mambo aliyokuwa akiyaona kila siku katika miili ya wazazi waliofariki: usaha mahali pale pale, na uvimbe wa utando wa tumbo ule ule. Kolletschka alikuwa mwanamume, hakuzaa, naye alikufa kwa homa ya uzazi. Basi kisu kilimwingizia nini, kama si kitu kilichotoka katika maiti? Na kama chembe za maiti ziliweza kupita kwenye ncha ya kisu, zilishindwaje kupita kwenye vidole vya wanafunzi, ambao kila asubuhi walikuwa katika chumba cha maiti wakiwapasua wanawake waliokufa jana, kisha wakanawa kwa sabuni kijuujuu na kwenda moja kwa moja wodini kuwapima kwa vidole wanawake waliokuwa katika uchungu? Wakunga wa wodi ya pili hawakuwa wakipasua maiti. Hapo ndipo tofauti ya wodi mbili ilipokuwa imejificha.

Katikati ya Mei mwaka huo aliweka chombo cha maji ya klorini, ambayo baadaye aliyabadilisha kwa chokaa ya klorini iliyokuwa na bei nafuu, akatoa amri kwamba kila aingiaye wodini asugue mikono hata harufu ya maiti imtoke. Mwezi Aprili, kabla ya amri, walikuwa wamekufa wazazi 57 kati ya 312, yaani zaidi ya 18 katika kila 100. Mwaka 1848, uliokuwa mwaka mzima wa kwanza wa kunawa, walikufa 45 kati ya 3,556, na ilikuwamo miezi miwili, Machi na Agosti, ambayo hakufa hata mmoja.

Lakini kuna kisa cha Oktoba 1847 ambacho masimulizi mengi hukiruka, nami nakiona kina faida kwetu kuliko vyote. Kitanda cha kwanza cha wodi alilazwa mwanamke mwenye saratani ya kizazi iliyokuwa ikitoa usaha. Madaktari na wanafunzi walikwisha kunawa klorini mlangoni kama ilivyoamriwa, wakaanza kuzunguka na kupima, wakianzia kwake. Kisha kutoka kwake hadi kwa wanaofuata walinawa sabuni tu. Katika wazazi 12 waliopimwa wakati ule, 11 walikufa. Kwa hiyo Semmelweis akajua kwamba maiti siye mwenye hatia peke yake, kwamba mtu aliye hai naye aweza kutoa sumu ile ile, na kwamba kunawa mara moja mlangoni hakutoshi. Akaamuru mikono ioshwe kwa klorini baina ya mgonjwa na mgonjwa. Kanuni hiyo ndiyo inayofundishwa hadi sasa, na ndiyo inayovunjwa zaidi kuliko zote, kwa sababu mtu aliyevaa glavu asubuhi hujiona safi mchana kutwa.

Mtu angetazamia kwamba baada ya hesabu kama hizo maprofesa wa Ulaya wangeshukuru. Waliokubali walikuwapo, lakini wakubwa wengi walikataa, na kukataa kwao hakukuwa kwa ujinga mtupu. Kumkubali Semmelweis kulimlazimu kila mmoja wao ahesabu maiti alizozisababisha kwa mikono yake mwenyewe, na huo ni mzigo ambao nafsi ya binadamu haiubebi kwa urahisi. Huko Marekani Oliver Wendell Holmes alikuwa amekwisha kuandika jambo hilo mwaka 1843, akajibiwa na Charles Meigs wa Philadelphia, profesa mwenye sifa kubwa, kwamba tabibu ni muungwana, na mikono ya muungwana ni safi. Sisi watu wa pwani twaujua uzito wa neno uungwana, na twajua vilevile kwamba uungwana wetu wenyewe ulitufunza tutie udhu kabla ya kusimama mbele ya Mola na kunawa kabla ya kutia mkono katika sinia. Muungwana anayeona kuambiwa anawe ni tusi, huyo amepoteza maana ya uungwana wake. Semmelweis aliondoka Vienna mwaka 1850 akarejea kwao Hungaria, akaandika kitabu, akaandika na barua za wazi zilizojaa ghadhabu akiwaita wapinzani wake wauaji, hata akili yake ikachafuka, na mwezi Agosti 1865 akafa katika hospitali ya wagonjwa wa akili, akiwa na umri wa miaka 47, kwa jeraha lililooza na kuitia damu yake sumu iliyofanana kabisa na ile aliyopigana nayo.

Kiini cha maradhi kilikuja kuonekana baadaye. Mwaka 1879, katika kikao cha Akademia ya Utabibu ya Paris, mzungumzaji mmoja alikuwa akieleza sababu za homa ya uzazi kwa maneno mengi, na Louis Pasteur akamkatiza, akaenda ubaoni akachora vidudu vya mviringo vilivyoungana kama shanga za tasbihi, akasema hao ndio wanaoua. Ndio bakteria tuwaitao streptokoki. Hukaa kooni na puani mwa watu wengi bila kuwadhuru, na katika miaka ya 1930 daktari Dora Colebrook wa London alionyesha kwamba streptokoki waliowaua wazazi walikuwa aghalabu wametoka katika makoo na pua za watu waliowahudumia, au za jamaa zao wa nyumbani. Kwa hiyo mkunga mwenye mafua au koo linalomwasha, hata awe amenawa hadi viwikoni, naye ana hadhari ya kuchukua: afunike pua na mdomo, au amwachie mwenzake kazi siku hiyo.

Sasa tufike kwenye dawa. Hadi katikati ya miaka ya 1930, huko Uingereza, nchi yenye mali na hospitali, walikuwa wakifa wanawake wanne hadi watano katika kila uzazi 1,000, na homa ya uzazi ilikuwa katika mstari wa mbele wa sababu. Mwezi Februari 1935 Mjerumani Gerhard Domagk akatangaza kwamba rangi moja nyekundu, iliyotengenezwa kiwandani kwa jina la Prontosil, iliwaponya panya waliotiwa streptokoki; na binti yake mwenyewe, aliyechomwa mkono na sindano akapata uambukizo ambao madaktari walifikiri utawalazimu kuukata mkono, alimpa dawa hiyo akapona. Mwaka uliofuata daktari Leonard Colebrook, kaka yake Dora, akaijaribu katika hospitali ya Queen Charlotte ya London kwa wazazi 38 wenye homa hii, wakafa watatu, katika wodi iliyozoea kuzika wengi zaidi. Wataalamu wa Ufaransa walikwisha kugundua kwamba rangi haikuwa na kazi, nguvu ilikuwa katika sehemu isiyo na rangi iliyomo ndani yake, nayo ndiyo salfa, iliyoweza kutengenezwa kwa bei ya chini na kila mtu. Tangu hapo mstari wa vifo vya uzazi Uingereza ukaanza kuteremka.

Penisilini ikafuata. Mwezi Machi 1942, mjini New Haven huko Marekani, mwanamke aitwaye Anne Miller alikuwa amelala hospitalini karibu mwezi mzima baada ya mimba kuharibika, streptokoki wamejaa katika damu yake, salfa imeshindwa, kuongezwa damu kumeshindwa, upasuaji umeshindwa, na joto la mwili linapanda kupita digrii 41. Madaktari wakapata penisilini kidogo mno, kwa maana wakati ule dawa hiyo ilikuwa adimu Marekani nzima, wakamdunga. Usiku haukwisha kabla joto halijaanza kushuka, na kesho yake alikuwa akila. Mkojo wake ukakusanywa ukapelekwa kiwandani ili chembe za dawa zilizopita mwilini zitolewe zikatumike tena. Aliishi hadi mwaka 1999, akafa akiwa na miaka 90. Nimesimama hapa kidogo kwa makusudi, kwa sababu dawa iliyokuwa ikichujwa katika mkojo ili isipotee hata tone, leo jamaa zake twazinunua dukani vidonge viwili viwili, tukameza kwa mafua ambayo hayakuletwa na bakteria na ambayo penisilini haina kazi nayo, na vilivyobaki tukampa jirani.

Tazameni yanayopita wodini. Mama wa kwetu aendapo kujifungua hubeba kapu lake: doti ya khanga, mpira wa kulalia, pamba, glavu, wembe mpya ungali katika karatasi yake, uzi wa kufungia kitovu, na sabuni. Kapu hilo nalihesabu kuwa ni elimu ya Gordon na ya Semmelweis iliyofika hadi kijijini, na mkunga aliyemwagiza mama avilete vitu hivyo ameifanya kazi yake. Lakini nimepata kusimama katika zahanati ambayo chumba cha kuzalia kilikuwa na ndoo ya koki, nzuri, imewekwa juu ya kigoda kwa urefu wa kufaa, na chini yake beseni. Nikafungua koki, haikutoka tone. Maji yalikuwa kisimani, na kisima kilikuwa mbali, na muuguzi alikuwa mmoja. Juu ya ndoo palining'inia taulo moja lililokuwa likifuta mikono ya kila aliyeingia. Mimi simlaumu muuguzi yule. Mtu aliyeletewa wazazi watatu kwa usiku mmoja, hana maji wala mwenzi wa kumsaidia, hawezi kuhutubiwa juu ya usafi wa mikono na mtu aliyekuja na gari akaondoka na gari. Wa kulaumiwa ni fikra inayohesabu paa na kuta na rangi kuwa ndiyo zahanati, na maji kuwa ni jambo la mwaka ujao. Chumba cha kuzalia kisicho na maji ya kutiririka ni kama wodi ya kwanza ya Vienna kabla ya Mei 1847, na sioni sababu ya kulisema hili kwa upole zaidi.

Yapo na mambo yasiyohitaji bajeti kubwa. Mikono yenye uchafu unaoonekana ioshwe kwa maji na sabuni kwa muda wa sekunde 40 hadi 60, kila upande, baina ya vidole, chini ya kucha, na ikaushwe kwa kitambaa ambacho hakikutumiwa na mwingine. Isiyo na uchafu wa kuonekana yaweza kusuguliwa kwa kitakasio chenye spiriti kwa sekunde 20 hadi 30. Glavu hazichukui mahali pa kunawa, kwani hutoboka bila mtu kuona, na ziguse mgonjwa mmoja tu. Kadhalika mwanamke asipimwe kwa vidole mara nyingi kupita haja wakati wa uchungu, maana kila kipimo ni mlango unaofunguliwa. Na kitovu cha mtoto kikishakatwa kwa wembe mpya, kiachwe kikavu na safi, kisipakwe samadi, majivu wala mafuta. Katika utafiti mkubwa uliofanywa kisiwani Pemba, matokeo yake yakatolewa mwaka 2016, watoto zaidi ya 36,000 walifuatiliwa, na dawa maalumu ya kupaka kitovuni haikuonyesha kwa uhakika kwamba yapunguza vifo kuliko kukiacha kitovu kikavu. Pepopunda, ambayo nayo huletwa na bakteria, na ambayo ilikuwa ikiwaua vichanga wetu kwa kupitia kitovu kichafu, imezuiliwa kwa usafi huo wa kitovu pamoja na chanjo apewayo mama akiwa mjamzito, hata Tanzania ikathibitishwa mwaka 2012 kuwa imeiondoa kwa wazazi na watoto wachanga katika daraja ya kuwa tishio kwa afya ya umma.

Katika upande wa dawa pia yako mambo yanayotaka nidhamu. Mzazi atakayepasuliwa apewe dozi moja ya dawa ya kuua bakteria kabla ya kisu kugusa ngozi, muda usiozidi saa moja, ili damu iwe imekwisha kuibeba dawa wakati mlango unapofunguliwa; na kwa wengi wasio na uambukizo dozi hiyo yatosha. Lakini katika hospitali nyingi mazoea ni kinyume chake: dozi ya kabla husahauliwa, kisha mama huandikiwa vidonge vya siku tano au saba baadaye, kama kwamba wingi wa vidonge utafidia saa iliyopotea. Vidonge hivyo havimkingi kama ambavyo dozi ile ingalimkinga, bali huwaua bakteria dhaifu walio tumboni na ngozini mwake na kuwaachia uwanja wale wenye nguvu, ambao kesho watamwingia mzazi wa kitanda cha pili kwa mikono ile ile isiyooshwa. Streptokoki wa Pasteur, ajabu na shukrani, hadi leo wangali wakishindwa na penisilini. Hao sio peke yao wodini, hata hivyo. Wamo bakteria wa matumbo na bakteria wa majipu ambao amoksilini haiwababaishi tena, na wengine ambao hata dawa za sindano zenye bei kubwa haziwawezi. Kwa mwaka 2019 peke yake wataalamu walikadiria kwamba watu 1,270,000 ulimwenguni walikufa kwa sababu ya bakteria waliokuwa sugu kwa dawa, na mzigo mzito zaidi uliangukia Afrika kusini mwa Sahara.

Kwa hiyo habari iliyotoka mwaka 2023 naipokea kwa furaha na kwa hadhari pamoja. Katika nchi saba, zikiwamo Kenya na Kongo ya Kinshasa, wanawake zaidi ya 29,000 waliotarajiwa kuzaa kwa njia ya kawaida walishirikishwa katika utafiti. Nusu yao wakapewa wakati wa uchungu dozi moja tu ya azithromaisini, gramu mbili, na nusu wakapewa kidonge kisicho na dawa. Waliopata uambukizo mzito wa damu au kufa walikuwa asilimia 2.4 miongoni mwa wasiopewa dawa, na asilimia 1.6 miongoni mwa waliopewa. Watoto wao hawakupata faida hiyo, lakini kwa mama theluthi moja ya balaa iliondoka kwa kidonge cha kumeza. Ni neema kubwa, na sitaki mtu yeyote aniambie kwamba mama wa Kisumu au wa Bukavu anyimwe. Ila dawa hii ikianza kugawiwa kwa kila mzazi, pale pasipo maji ya kunawia, itafanya kazi ya maji, na bakteria watajifunza kuivumilia kwa haraka kuliko tunavyoweza kutengeneza nyingine. Basi kila wizara itakayoagiza vidonge hivyo iagize na mabomba kwa hati moja.

Yabaki ya nyumbani. Arobaini ya mzazi, ambayo wazee wetu waliiweka awe na mtu wa kumwangalia mchana na usiku, inakaribiana sana na siku 42 ambazo matabibu wanazihesabu kuwa ni muda wa hatari, na siku kumi za mwanzo ndizo kali zaidi. Yule somo, shangazi au mama mkwe anayemkanda na kumpikia ndiye atakayeona kabla ya daktari. Akiona mzazi ana homa au anatetemeka, akisikia damu ya uzazi imegeuka harufu, akimwona ana maumivu ya tumbo la chini yanayozidi badala ya kupungua, anapumua kwa haraka, moyo unamwenda mbio, au maneno yake hayaeleweki, asiseme kwamba ni maziwa yanaingia, wala asimtume mtoto dukani akalete vidonge vya rangi mbili ili waone kwanza itakuwaje. Amfikishe hospitali usiku huo huo, kwa maana sumu ya damu huhesabiwa kwa saa. Na kama mgonjwa alikwisha kumeza dawa yoyote, ya dukani au ya majani, wasiifiche kwa kuona haya: wachukue hata karatasi yake, wamwambie muuguzi ni dawa gani, ngapi, na tangu lini.